Fimbo ya gofu ya Forgan, uzi wa shingoni umefumuka: nianzie wapi?

Mpini_wa_Hikori: Wakuu, nina fimbo ya gofu ya mbao, kichwa chembamba, urefu sm 13 hivi. Ina muhuri wa R. Forgan na manyoya matatu. Mpini na kichwa vimechongwa mshazari vikabandikwa, hakuna tundu. Uzi mweusi uliofunga kiungo hicho umefumuka na kichwa kinacheza. Ni ya miaka gani, na nikiifunga upya thamani itashuka?

Mzee wa Minada: Manyoya hayo ni alama ya Mwana Mfalme wa Wales. Robert Forgan, fundi wa fimbo wa St Andrews, Scotland, alipata heshima ya kumtengenezea fimbo mwaka 1863, na huyo mwana mfalme aliporithi ufalme mwaka 1901, muhuri ukawa taji. Kichwa chembamba kinairudisha nyuma zaidi, maana kuanzia katikati ya miaka ya 1880 vichwa vilifupishwa na kunenepeshwa. Igeuze: ukingo wa mbele, chini, uwe na kipande cha pembe ya kondoo kilichoshikwa kwa vijiti 3 vya mbao, na mgongoni madini ya risasi yaliyoyeyushwa yakamiminwa. Ukikuta skrubu za msalaba, hizo ni za miaka ya 1930 kuja huku. Chukua lenzi utazame muhuri: ule halisi una vanishi na uchafu uliotulia ndani ya herufi, wa kughushi umepasua vanishi kingoni.

Fundi Seremala: Kinachocheza hapo ni gundi, uzi unaisaidia tu. Fumua uzi wote (usiutupe, tia kwenye bahasha uende na fimbo). Gundi ya ngozi (inayopikwa kwa ngozi za wanyama) hulainika kwa maji ya moto, hivyo pitisha brashi yenye maji ya moto kwenye kiungo, kitenganishe taratibu, futa gundi kuukuu. Pakaza gundi ya ngozi mpya ya moto, nyuzijoto 60 hivi, usiichemshe maana inapoteza nguvu. Bana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli saa 24. Epoksi hapana: atakayekuja kurekebisha baadaye atavunja mti kabla haijaachia.

Uzi uwe wa kitani uliotiwa nta, unene kama mm 0.8. Kwa kiungo cha sm 10 kata mita 8. Ufunge kwa mkazo uleule, mizunguko ishikane. Ikibaki mizunguko 10, laza kitanzi cha uzi mwingine chini yake, malizia, pitisha ncha kwenye kitanzi, kisha vuta kitanzi: ncha inazama ndani bila fundo.

Mpini_wa_Hikori: Na rangi ya kichwa? Imefifia, nipige msasa kidogo?

Mzee wa Minada: Msasa usiguse hapo kabisa, unakula muhuri na ule weusi wa umri ambao ndio wanunuzi wanaulipia. Kitambaa chenye tone la tapentaini, halafu nta. Mpini ukikauka, mafuta ya kitani yanayouzwa yakiitwa “boiled” (usichemshe mwenyewe), tabaka jembamba, ufute baada ya dakika 15. Na usiiegemeze ukutani, hikori, mti wa mpini, hupinda. Ilaze.