Seli zangu zimegoma kuota na tarehe ya kutetea tasnifu imekaribia, naombeni ushauri

Binti Uluguru (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Morogoro, nachunguza majani ya mti mmoja wa dawa. Kabla ya kusema unafaa, lazima nijue kama hauui seli zenye afya, kwa hiyo natumia seli za Vero, zile za figo ya tumbili. Inkubeta nyuzi 37, hewa ya ukaa asilimia 5, midia (maji ya chakula cha seli) ina seramu ya ndama asilimia 10. Mwanzo zilikuwa zinajaa chupa vizuri. Sasa zinajikokota, midia inageuka njano mapema wakati seli zenyewe ni chache, na kwa hadubini naona kingo zimekunjamana. Midia ni angavu, haina ukungu wala wingu la bakteria. Nimebadili seramu, nimebadili trypsini ya kubandulia seli kwenye chupa, wapi. Nifanyeje ziote kama zamani? Msimamizi anataka matokeo.

Kiti cha Mbele
Ngoja waje wataalamu. Mimi nimekaa pale na karanga zangu.

Mzee wa Banda
Pole binti. Ya maabara siyajui, ila kuku wangu walianza hivyo hivyo, wanazubaa tu, hawali. Nikabadili pumba, nikabadili maji, kumbe mdondo umeshaingia bandani. Siku hizi sifanyi mchezo, tone moja la chanjo ya I-2 jichoni kila miezi 3, hata jirani akinicheka. Angalia isije kuwa ugonjwa, siyo chakula.

Jicho la Hadubini
Mzee hajakosea. Dada, maswali mawili. Midia yako ina dawa za kuua bakteria? Na hizo seli ulizitoa wapi?

Binti Uluguru
Ndiyo mkuu, penisilini na streptomaisini tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana nasema bakteria hawahusiki.

Jicho la Hadubini
Swali la pili umeliruka.

Mlipa Kodi
Vyuo vyetu hivi! Hela za umma zinaenda kulisha figo za tumbili huku zahanati hazina panado. Soma kitu kitakachokupa ajira, mdogo wangu.

Binti Uluguru
@Jicho nimepewa na rafiki yangu wa maabara nyingine. Kuagiza nje ni pesa ndefu, na mzigo ukikwama forodhani barafu kavu inaisha. Alijaza chupa midia mpaka shingoni, tukaziba na parafilamu, ile karatasi laini ya kunata, nikapanda nayo daladala nimeikumbatia. Sioni tatizo, seli za Vero ni zile zile. Na sahani za kwanza za kipimo cha sumu zilitoa majibu mazuri, nataka niongeze chache tu nifunge hesabu.

Jicho la Hadubini
Hapo ndipo penye kazi. Ulizipima maikoplazma kabla ya kuziingiza? Hawa ni bakteria wasio na ukuta wa seli. Penisilini inafanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo, kwa hiyo kwao ni kama hakuna kitu. Ni wadogo kiasi kwamba wanaweza kupenya hata chujio la mikromita 0.22. Midia haichafuki, hadubini ya kawaida haiwaoni, wanakula chakula cha seli taratibu. Wengine hutoka kwenye seramu ya ng'ombe, wengine mdomoni mwetu, mtu akiongea juu ya chupa iliyo wazi. Dawa ulizoweka zimewanyamazisha bakteria wengine tu, ukaamini pako safi.

Na hilo la "ni zile zile" usiliseme tena. Seli za HeLa, zilizotoka kwa Henrietta Lacks kule Baltimore mwaka 1951, zilivamia chupa za watu bila wenyewe kujua. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba aina 18 za seli zilizodhaniwa ni tofauti zilikuwa na alama za HeLa. Watu walikuwa wameshaandika makala juu yake.

Chujio la Uongo
Hii ni chai, tena sukari imezidi. Seli hai kwenye daladala la Msamvu? Mleta uzi akaunti yake ni ya juzi, na kuna uzi wake mwingine anauliza mtaji wa duka la dawa. Anatafuta umaarufu. Weka picha ya chupa tuione.

Kiti cha Mbele
Karanga zimeanza kunoga.

Binti Uluguru
Duka ni la mama yangu, linahusiana nini na seli? Picha siweki, chupa zina majina ya watu na namba za mradi. Asiyeamini apite.

Mama Pipeti
@Chujio hapo umechemka. Chupa kujazwa mpaka shingoni ni utaratibu wa kawaida wa kusafirisha seli, midia isicheze ikazibandua. Aliyetunga hadithi asingelijua hilo. Mimi binafsi nimewahi kupokea seli za hivyo kutoka Nairobi kwa basi. Ila zilikaa chumba cha peke yake mpaka majibu ya PCR, kile kipimo cha vinasaba vya vimelea, yalipotoka.

Binti, kinachoniuma ni hizo sahani unazoita nzuri. Kama unatumia MTT, ile rangi inayobadilishwa na seli zilizo hai, maikoplazma nao wanaweza kuibadili. Unaweza kuandika kwamba mti ni salama, kumbe umepima uhai wa wadudu. Kesho mtu anamchemshia mwanawe majani hayo.

Binti Uluguru
Natumia MTT, ndiyo. Lakini nimesikia dawa ya siprofloksasini inawasafisha. Si niweke hiyo huku naendelea na sahani zilizobaki?

Jicho la Hadubini
Huchukua wiki kadhaa, na wanaweza kurudi. Tena haitakwambia sahani za zamani zilikuwaje. Peleka sampuli PCR kwanza, mwambie msimamizi kabla hajasoma sura yako ya nne, ya matokeo. Hiyo chupa sasa hivi iko inkubeta ipi?

Binti Uluguru
Ile tunayotumia wote. Rafu ya chini.

Jicho la Hadubini
Itoe leo. Na wenye chupa za rafu za juu waambie leo hii hii.