Shavu limevimba na kliniki ya meno inafungua Jumatatu, nifanyeje?

Mwana wa Mbagala: Habari za jioni wakuu. Kuna mtu wangu wa karibu gego la chini linamtesa, shavu limejaa upande mmoja. Leo Jumamosi tumekwenda kliniki ya meno ya hospitali moja hapa Dar. Mlinzi kasema wamefunga, turudi Jumatatu na barua ya rufaa, maana tunatumia kadi ya bima. Naomba kujua tu, dawa gani itamfikisha Jumatatu? Yeye halali, na mimi silali.

Shangazi Pendo: Pole mwanangu. Karafuu, saga uweke kwenye tundu. Mimi jino lilinishika ndani ya basi natoka Tanga, abiria mmoja akanipa karafuu mbili, Chalinze nikapita nimesinzia. Tena yule kaka alikuwa mstaarabu, akaninunulia na maji.

Kibuyu Kikavu: Soda asubuhi, soda jioni, halafu mnalilia bima. Mswaki bei gani?

Ngosha: Mimi liliniuma siku ya kupeleka mahari. Wakwe wakadhani nalilia ng'ombe wangu.

Tabibu wa Kinywa: Mkuu, nijibu kwanza. Huyo mgonjwa ni nani? Uvimbe uko shavuni tu au umeshuka chini ya taya? Anafungua mdomo? Anameza? Amekunywa dawa gani?

Mwana wa Mbagala: Ni mke wangu. Umeshuka kidogo chini ya kidevu. Mdomoni kinapita kijiko tu. Duka la dawa walitupa diklofenaki na doksisaiklini.

Tabibu wa Kinywa: Je, ni mjamzito?

Shangazi Pendo: Mleta uzi, mbona kimya?

Mwana wa Mbagala: Ndiyo, miezi saba. Sikusema kwa sababu nilijua wote mtahamia kwenye mimba wakati kinachouma ni jino. Mama mkwe kasema mjamzito hang'olewi jino, mtoto atadhurika. Tumeshakubaliana asubiri mpaka ajifungue, Jumatatu wampe sindano ya kupoza. Mama amezaa watoto saba na tunaishi kwake. Nisimame mimi nimwambie hajui?

Tabibu wa Kinywa: Mama anamtakia mema binti yake, lakini hapo hapana. Mjamzito anang'olewa jino kwa ganzi ya kawaida, analazwa akiwa ameegemea ubavu wa kushoto ili mimba isikandamize mshipa mkubwa wa damu. Hatari kwa mtoto ni huo usaha unaobaki ndani. Antibayotiki peke yake haimalizi jipu, lazima njia ya usaha ifunguliwe. Na hizo dawa mbili zisimamishwe leo. Diklofenaki kwa mimba ya miezi saba inaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto, doksisaiklini inaharibu rangi ya meno yake. Maumivu atulize kwa panadol mpaka aonwe.

Kibuyu Kikavu: Wakuu, hii ni chai. Mwezi wa pili huyu huyu alileta uzi anatafuta mchumba. Leo mimba ya miezi saba! Pigeni hesabu.

Ngosha: Duh. Kumbe jamvi letu linajibu maombi haraka.

Mwana wa Mbagala: Ule uzi nilimwandikia mdogo wangu, fungua usome mpaka chini. Mtu anaumwa hapa ndani, nidanganye nipate nini?

Kibuyu Kikavu: Weka picha ya shavu.

Shangazi Pendo: Uso wa mke wa mtu uwekwe hapa ili wewe uridhike? Muogope Mungu, Kibuyu. Na wewe baba, mwenzio kakuuliza kama anameza.

Mwana wa Mbagala: Mate anatema kwenye kopo. Sauti imekuwa nzito tangu mchana.

Tabibu wa Kinywa: Ondokeni sasa hivi. Uvimbe chini ya kidevu, mate hayamezeki, sauti imebadilika: usaha unaelekea kwenye njia ya hewa. Daktari Mjerumani, Ludwig, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na mpaka leo unaua kwa kuziba koo. Asilale chali, akae wima. Msiende kliniki ya meno, nendeni mapokezi ya dharura. Temeke ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nanyi. Ikibidi, watampeleka Muhimbili, wapo mabingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, na idara ya dharura inapokea usiku na mchana. Ukifika usiseme "jino linauma". Sema: mjamzito, hamezi, shingo imevimba. Kadi mtaulizana baadaye, dharura haisubiri barua ya rufaa.

Mwana wa Mbagala: Mama anasema tungoje asubuhi.

Shangazi Pendo: Mwambie nawe mama mmoja wa makamo amekuomba. Beba kadi ya kliniki ya mimba.

Kibuyu Kikavu: Kama ni kweli, nendeni. Bajaji ikikosekana andika hapa, niko Rangi Tatu na gari.

Mwana wa Mbagala: Tumefika. Wamempokea bila barua, wamemwekea dripu. Wamemwita daktari wa meno wa zamu na mkunga amesikiliza mapigo ya mtoto, yapo vizuri. Wanasema usaha unatolewa usiku huu, na jino pia. Mama mkwe anapiga simu, sijapokea.

Ngosha: Pokea mkuu. Halafu mpe daktari aongee naye.