Hema la juu ya gari au hema la chini kwa safari ya kupanda miamba? Tuko wawili tu

Bwana Mpya
Wakuu habari zenu. Mimi na mke wangu tumeoana mwaka jana, mwaka huu tumepanga safari yetu ya gari ya wiki 3, mwamba hadi mwamba, mchana tunapanda usiku tunalala kambi. Tumekwama hapa: tununue hema la juu ya gari, au tuchukue hema la kawaida la chini halafu hela itakayobaki iende kwenye vifaa vingine? Hela inatosha kimoja tu. Mke wangu anataka la juu, mimi sina upande. Nawasilisha.

Kidole Kimoja
Gari gani mkuu? Umeandika kama vile wote tumekaa nawe siti ya mbele.

Mama Karabina
Naongeza. Mnapanda njia zenye bolti (vyuma vilivyofungwa tayari mwambani vya kupitishia kamba) au mnaweka vifaa wenyewe? Usiku baridi kiasi gani? Mnahama kila siku au mnakaa sehemu moja siku nyingi? Hayo ndo yanaamua, hema ni la mwisho.

Mzee wa Juu
Maswali mengi ya nini, achukue la juu. Mi nalo mwaka wa 4 sasa. Unafika usiku vidole havikunjiki, unafungua mikanda, unavuta ngazi, umelala. Godoro limo humohumo. Hakuna kuzunguka na tochi kutafuta pa kulala palipolala sawa, hakuna jiwe mgongoni, hakuna tope. Ambaye hajawahi kulala juu asibishe.

Jiwe Halisogei
Mi nimelala juu na nabisha.

Tulikuwa mimi na waifu, kambi iko juu kwenye tambarare chini ya mwamba, jioni shwari kabisa hata jani halitikisiki. Kama saa 7 usiku upepo ukaja. Sasa hema la chini ni fupi, unafunga kamba zake kwenye mawe, unalala. La juu limesimama kama tanga la jahazi, gari zima linayumba na springi zinalia, waifu kakaa kitako ananiangalia tu hasemi kitu, na nyie mliooa mnajua kunyamaza kwa namna ile kunamaanisha nini. Nikasema tushuke tulikunje. Kulikunja usiku kwenye upepo ni kazi ya watu 4 na tuko 2, zipu ikang'ata kitambaa, kifuniko kikapeperuka nikakifukuza peku. Nikarudi kupanda ngazi kumalizia, ngazi imeloa umande, kipago cha pili kutoka chini mguu ukateleza nikatua na kifundo. Tukalala tumekaa kwenye siti za mbele na gia katikati yetu. Siku 4 kiatu cha kupandia hakikuingia mguuni, safari ilikuwa ya siku 6.

Halafu jambo ambalo hawakwambii: hema likiwa juu ya gari, gari nalo limepiga kambi. Mwamba uko kilomita 10 kutoka hapo mnapolala? Kunja hema kila asubuhi, likunjue kila jioni. Umesahau kitu cha kununua? Kunja.

Mzee wa Juu
Pole kwa kifundo lakini hiyo ni kosa la kuegesha. Gari unaligeuza pua iangalie upepo.

Jiwe Halisogei
Upepo uliniambia unatokea wapi?

Kidole Kimoja
😂😂 Mwenye uzi amepotelea wapi? Bado nasubiri gari.

Bwana Mpya
Samahanini nilikuwa kazini. Gari ni dogo, lile la mlango wa nyuma, paa halina reli. Nimefungua kitabu chake leo kinasema mzigo wa paa mwisho kilo 50. Njia ni za bolti zote. Usiku nyuzi 5 hivi. Tutakaa sehemu 3, kila moja wiki nzima. Kamba tunayo ya mita 60, tulipewa na rafiki, ina kama miaka 8.

Kidole Kimoja
Basi uzi umeisha. Mahema mengi ya juu yenyewe tu ni kilo 50 hadi 80, bado hujaweka vyuma vya kulifungia. Na hiyo 50 ya kwenye kitabu ni gari likitembea, yaani kona, breki, mashimo. Likiwa limesimama paa linabeba zaidi sana ndo maana watu wanalala humo wawili na halibonyei, ila kufika huko lazima uendeshe.

Mzee wa Juu
Yapo mepesi siku hizi.

Kidole Kimoja
Mepesi yapo, lakini ukijumlisha na vyuma utakuwa unahesabu hadi soksi.

Mama Karabina
Mnabishana paa wakati mtu kaandika sentensi ya kutisha hapo mwishoni mmeipita. Kamba ya KUPEWA, miaka 8?? Ilikaa wapi? Kwenye buti ya nani, karibu na betri gani? Asidi ya betri inakula nailoni na kwa macho huoni kitu, unaipapasa iko laini kama mpya. Watengenezaji wengi wanaweka kikomo miaka 10 hata kama haijawahi kufungwa fundo, na hiyo ni ile unayojua historia yake. Sahau hema, nunua kamba. Mita 70, unene milimita 9.5 hadi 9.8, na iwe ya kunyumbuka, usije ukaletewa ile ngumu ya kushukia ukaitumia kuongoza, yaani kupanda wa kwanza.

Mzee wa Juu
Mita 60 inatosha, 70 ni kubeba uzito bure na kukunja kamba mpaka giza linaingia.

Mama Karabina
Inatosha njia ikiwa chini ya mita 30, kwa sababu kamba inapanda na kurudi. Na kamba ikitumika inasinyaa, ile 60 ya miaka 8 nipe rula nikupimie. Nimeshaona mtu anashushwa, mwisho wa kamba ukapita mkononi mwa mshika kamba wa chini, jamaa akadondoka mita 2 za mwisho. Alikuwa na bahati ni 2. Fundo mwisho wa kamba, kila siku, hata njia ya mita 10.

Jiwe Halisogei
Kweli kabisa. Bwana Mpya, wewe na shem mna kilo ngapi? Sikuulizi kwa ubaya.

Bwana Mpya
Mimi 88 yeye 54. Mwezi uliopita nilianguka yeye ndo kashika kamba chini, akapaa mpaka bolti ya kwanza tukakutana katikati, tulicheka sana.

Shem wa Uzi
Ulicheka wewe. Mimi ndo mke mwenyewe, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Goti langu lilikuwa bluu wiki 2.

Kidole Kimoja
Karibu shem 🙌 nimekaa pale.

Mama Karabina
Karibu mdogo wangu. Kilo 34 ni tofauti kubwa. Kuna kifaa kinaitwa Ohm cha Edelrid, kinavalishwa bolti ya kwanza, yeye akianguka kinaongeza msuguano kwenye kamba hupai kama puto. Simama karibu na ukuta, usiache kamba imelegea hovyo, na helmeti uvae wewe wa chini pia.

Mzee wa Juu
Au begi la mchanga umfungie kiunoni. Zamani tulifanya hivyo.

Mama Karabina
Zamani mlifanya mengi.

Shem wa Uzi
Asante dada. Sasa niseme na la hema maana naona nimesemewa. Sina shida na kulala chini. Mara ya mwisho mume wangu alichagua sehemu yenye mteremko, usiku kucha nateleza namfuata yeye mlangoni, na godoro la kupuliza liliisha hewa saa 9. Nililala kwenye changarawe nasikia baridi inapanda kutoka ardhini. Ndo nikasema basi, nataka la juu.

Jiwe Halisogei
Kumbe tatizo ni godoro jamani!

Kidole Kimoja
Angalia namba ya R (inavyozuia baridi ya ardhini) iliyoandikwa kwenye godoro, kwa nyuzi 5 nenda 4 na kuendelea. Lile la hewa tupu la kuogelea halizuii baridi hata lisipovuja.

Bwana Mpya
Mteremko ulikuwa kidogo tu.

Shem wa Uzi
Chungwa liliviringika.

Mzee wa Juu
Badilisheni gari basi, mnunue lenye paa la maana.

Bwana Mpya
😂 Haya wakuu, tunakaa wawili tujadili. Bado yeye anasema la juu lina raha yake, ile ya kuamka uko juu unauona mwamba. Mrejesho nitaleta.

Vidole Chaki
Samahanini nadandia uzi. Na sisi tunataka kwenda hivyohivyo ila tuna mtoto wa mwaka na nusu, mnashauri hema lipi?

Kidole Kimoja
Gari gani?