Kubildi AWS SDK ya C++ kutoka chanzo: kompaila inauawa katikati

Swali
Wakuu, mashine ni Ubuntu, RAM GB 2. Zip ya SDK (maktaba za kutumia huduma za wingu za Amazon, AWS) kutoka GitHub imegoma kwenye cmake (zana ya kuandaa kubildi), inadai faili za aws-crt-cpp hazipo. Nimezijaza kwa mkono, cmake ikapita, ila `make -j8` inakufa na "Killed signal terminated program cc1plus". Nahitaji S3 (huduma ya kuhifadhi faili) tu. Na majaribio yanaendeshwaje?

Jibu la 1
Mkuu, hayo ni matatizo mawili. Zip ya GitHub haibebi submoduli (hazina nyingine za git zilizochomekwa ndani), na aws-crt-cpp ni submoduli yenye submoduli nyingine tumboni. Kujaza kwa mkono kunachanganya matoleo, kwa hiyo futa yote:

`git clone --recurse-submodules https://github.com/aws/aws-sdk-cpp`

Weka pia libcurl4-openssl-dev, libssl-dev na zlib1g-dev.

Hiyo "Killed" si kosa la msimbo. RAM imekwisha, kerneli (kiini cha Linux) ikaua kompaila, amri `dmesg` itakuonyesha. -j8 inaendesha kompaila nane kwa mpigo, na usipotaja huduma unabildi huduma zote za AWS. Kwenye folda mpya, nje ya chanzo:

`cmake ../aws-sdk-cpp -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DBUILD_ONLY="s3"`
`cmake --build . -j1`

Core (maktaba ya msingi ya SDK) inaingia yenyewe. Ukitaka huduma mbili andika "s3;dynamodb", na alama za nukuu usiziache: bila hizo sheli inakata amri kwenye nukta-mkato.

Jibu la 2
Naongezea: GB 2 ni kidogo, AWS wenyewe wanashauri GB 4. Tengeneza swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya GB 4. Itakwenda polepole lakini itafika. Na ukiondoa BUILD_ONLY kwenye amri baadaye, bado imo ndani ya CMakeCache.txt, faili ambamo cmake hukumbuka mipangilio. Futa faili hiyo kwanza.

Muulizaji
Imepita na -j1. Majaribio je?

Jibu la 1
Ya yuniti (ya vipande vidogo vya msimbo) yanajiendesha mwisho wa kubildi, kwa sababu AUTORUN_UNIT_TESTS iko ON. Usiyazime kwa ENABLE_TESTING=OFF kabla hujayaona yakipita hata mara moja.

Ya muunganisho ni habari nyingine: yanagonga AWS halisi, yanaunda baketi (vyombo vya kuhifadhia faili kwenye S3), na bili inakuja. Tumia akaunti ya pembeni, tafadhali. Yakikatika njiani, baketi zinaweza kubaki, zifute mwenyewe.

Mwisho `sudo cmake --install .` kisha `sudo ldconfig`. Ukiruka ya pili, programu yako inaweza kulalamika kwamba haioni libaws-cpp-sdk-core.so.