Yaya moyo unamruka baada ya operesheni, mnishauri

Kijana wa Ruashi: Jambo wandugu wa Lubumbashi. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alipasuliwa moyo India, akawekewa vali ya chuma. Sasa ni wiki ya 6. Tangu Jumapili moyo unamruka usiku: unakimbia, unakwama, unakimbia tena. Nimpeleke hospitali au apumzike kwanza?

Mama Bukari: Pole mwanangu. Mimi uliniruka mwaka mzima. Mwenye nyumba alipohama, ukatulia.

Nesi wa Katuba: Mara nyingi ni vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga. Baada ya upasuaji wa moyo huwapata hata watu 3 kati ya 10, hasa siku ya 2 hadi ya 4. Wiki ya 6 ni habari nyingine. Anakunywa warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande?

Kijana wa Ruashi: Dawa zote alipewa.

Nesi wa Katuba: Sikuuliza kama alipewa.

Kijana wa Ruashi: Ameacha siku 9. Fizi zilitoa damu akipiga mswaki. Na kipimo cha damu kila mara ni pesa. Msituhukumu, hata nguvu zilimrudia kidogo. Sombe, majani ya muhogo, pia anakula sasa.

Papa Mzee: Vijana! Mnauza kiwanja mlipie vali, halafu kidonge cha jioni kinawashinda.

Nesi wa Katuba: Papa, tumwache. Kijana, vali ya chuma bila warfarini, na moyo unatetemeka: damu inaganda, bonge linapanda kichwani au vali yenyewe inakwama. Fizi zikitoa damu unaenda kupima, huachi. Sombe ale, ila kiasi kilekile kila wiki, maana hupunguza nguvu ya dawa. Nendeni usiku huu. Asimeze vidonge viwili kufidia.

Mtoto wa Kenya: Uongo huu. Moyo wa mwenzako unausikiaje usiku? Unalala kifuani pake?

Mama Bukari: Vali ya chuma inalia, wewe. Ya shemeji yangu tuliisikia kanisani kwenye maombi ya kimya. Watoto walitafuta saa ukutani.

Mtoto wa Kenya: Sawa, inalia. Lakini huyu anasimulia kama yuko ndani yake.

Kijana wa Ruashi: Umeme ukikatika, firiji ikinyamaza, ndipo inasikika. Tik, tik, kimya, halafu tik-tik-tik. Sina yaya. Ni mimi.

Nesi wa Katuba: Uko na nani hapo nyumbani?