Ua wa ndani Tanga: niuache wazi au niuezeke?

Mjenzi wa Tanga:
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninajenga nyumba ya vyumba vinne Tanga mjini, yenye ua wa ndani wa mita 4 kwa 5 ambao vyumba vyote vinaufungulia milango, ili mama yangu mzee apate mahali pa kupunga upepo bila kutoka nje. Msingi umekamilika, jamvi la zege la sakafu bado halijamwagwa. Fundi wangu anahofia masika, hivyo ananishauri niuezeke kwa mabati yanayopitisha mwanga na chini niweke vigae. Je, ua ukiachwa wazi, nifanye nini ili maji yasiingie vyumbani na jua la mchana lisiufanye usikalike?

Fundi Mkongwe:
Wa alaykum salaam. Nakusihi usiuezeke. Hewa ya joto hupanda, na ua ulio wazi ndio njia yake ya kutokea. Kwa mabati hayo jua litaingia, na joto halitakuwa na pa kwenda.

Hofu ya mvua ni ya haki, lakini dawa yake ni kujua paa linamwaga wapi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 50 itakuletea lita 1,000 katika ua wenyewe; ila ukielekeza humo mita 60 za mraba za paa, zitakuwa lita 4,000. Sehemu kubwa ya paa imwage nje, na upande unaobaki ufungwe gata za kupeleka maji kwenye tangi. Sakafu ya ua ishuke sentimita 15 chini ya vyumba, iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na iwe na matundu mawili yenye mabomba ya inchi 4, maana majani yakiziba moja, jingine litakuokoa. Mabomba hayo yalazwe sasa, kabla ya jamvi, wala yasiunganishwe na shimo la choo. Vigae vinavyoteleza usimwekee mzee. Zege lililokwaruzwa linatosha.

Binti wa Lamu:
Naongezea habari ya jua. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa karibu utosini, na kuta, hata ziwe ndefu namna gani, hazitoi kivuli. Jenga baraza iliyoezekwa, yenye upana wa mita 1.5, upande wa magharibi wa ua: adhuhuri paa lake litamkinga mama, na alasiri vyumba vilivyo nyuma yake vitazuia jua. Kila chumba kiwe pia na dirisha la nje, ili upepo wa kaskazi na wa kusi upite hadi uani.

Mjenzi wa Tanga:
Ahsanteni sana, Fundi na dada yangu. Ua utabaki wazi, nami nitaupanua uwe mita 5 kwa 6 ili baraza isiumeze. Vipi kuhusu mbu, nikiweka tangi hapo hapo?

Binti wa Lamu:
Tangi lifunikwe, na mdomo wake uwekewe wavu wa matundu madogo. Mabirika ya nyumba za kale za Lamu, yaani matangi ya kujengwa ya kuhifadhia maji, yalifugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na katika sakafu ya birika lilijengewa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuishi. Ukipenda birika la wazi badala ya tangi, fanya hivyo hivyo.