Naomba ushauri: tiba ya seli shina na oksijeni kwa mgonjwa wa sukari

MamaWawili: Habari za jioni wakuu. Nina mgonjwa wa sukari. Kuna kliniki nje ya nchi wanapandikiza seli shina (zile changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine), kisha mgonjwa analazwa kwenye chumba cha oksijeni siku kumi. Wanasema kongosho linaamka. Dola elfu kumi na mbili. Kuna aliyepitia? Matusi hapana, nimechoka.

Mzee wa Turiani: Pole binti. Mimi nilipoambiwa nina sukari niliacha sembe, nikahamia dona na kulima kwa jembe. Hela hiyo nunua ng'ombe, utakunywa maziwa na kliniki utaisahau.

Nesi wa Zamu: Mgonjwa ana umri gani? Anachoma insulini?

MamaWawili: Anachoma.

Nesi wa Zamu: Umri?

MamaWawili: Ni binti yangu, miaka 13. Aina ya kwanza.

Nesi wa Zamu: Hapo kinga ya mwili wake ndiyo imeua seli beta, zile za kongosho zinazotengeneza insulini. Oksijeni ya mgandamizo husaidia baadhi ya vidonda sugu vya miguu, seli zilizokufa haizirudishi. Seli shina si uongo: majaribio ya kampuni ya dawa ya Vertex yaliyotangazwa 2025, kati ya 12 waliopewa dozi kamili, 10 hawakuhitaji insulini baada ya mwaka. Ila ni watu wazima ambao sukari ilikuwa ikiwashuka vibaya, na wanameza dawa za kushusha kinga. Mshiriki mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Hao wenu wamesemaje kuhusu insulini?

MamaWawili: Tuipunguze kabla ya safari, eti seli zipate nafasi. Nusu nimeshalipa, nimeuza kiwanja. Msinihukumu. Hamjaamka saa nane usiku kumtoboa mtoto kidole kilichoota sugu, mnakamua damu haitoki.

Ummu Swabra: Baba yake anajua kuhusu kiwanja? Mambo ya mtoto hayaendi kwa siri, dada.

Chuma Chakavu: Wakuu, hii chai. Akaunti ya juzi, bei imewekwa, kesho mtaletewa namba ya dalali. Tangazo hili.

Mzee wa Turiani: Kweli, weka risiti.

MamaWawili: Kliniki sijaitaja na siitaji. Naandika kwa sababu leo mchana na jioni hatukuchoma, na sasa kipimo kinaandika HI.

Nesi wa Zamu: HI maana yake sukari imepita kiwango cha mashine kusoma. Anatapika? Anahema kwa nguvu?

MamaWawili: Ametapika mara mbili. Nilidhani ni chipsi.

Nesi wa Zamu: Hospitali sasa hivi, usisubiri asubuhi. Beba insulini yake, mwambie daktari dozi zilizorukwa, usifiche. Kabla ya insulini kuanza kutumika 1922 watoto wa aina hii walikuwa wanakufa tu.

MamaWawili: Bodaboda hawapokei simu.

Chuma Chakavu: Uko mtaa gani? Nina gari. Niandikie faragha.